Alama za vidole kwenye kioo: silikoni, florini, filamu au kioo cha kiwandani?

Kioo cha kaunta kikifutwa saa mbili asubuhi, kufikia saa nne vidole vimeshajaa tena. Muuza simu wa Luthuli Avenue jijini Nairobi analijua hili, msusi wa Ngara analijua, na anayesafisha milango ya ofisi Upper Hill analijua kuliko wote. Ndiyo maana chupa za dawa ya kuzuia alama za vidole zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya magari, maduka ya simu na mtandaoni, na karibu kila moja inajiita "nano". Ukisoma lebo tu, zote ni sawa. Ukitazama kilichomo ndani na jinsi kinavyoshikana na kioo, utakuta njia nne zinazotofautiana sana: silikoni ya majimaji, florini ya majimaji, filamu au kioo cha ukungu, na kioo kilichopakwa kiwandani. Kila moja ina mahali pake.

Hakuna mpako unaozuia kidole kuacha alama. Mpako mzuri hufanya mambo mawili: hupunguza mafuta yanayobaki juu ya kioo, na yale yanayobaki huyaacha yatoke kwa kupitisha kitambaa kikavu mara moja, badala ya kusugua kwa dawa mara tano. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia maneno.

Mambo ya kupima kwanza

Swali la kwanza ni kama unapambana na mafuta au maji. Ncha za vidole hazina tezi za mafuta, hutoa jasho tu. Mafuta tunayoyaacha kwenye kioo tumeyachukua usoni, kwenye nywele, kwenye losheni na kwenye chakula. Kwa hiyo kioo cha kinyozi hupata mafuta mengi kuliko dirisha la ofisi, na kioo cha bafu hupata maji na chumvi zaidi ya vidole. Mpako unaofukuza maji haufukuzi mafuta kwa lazima, na hapa ndipo wengi hupotezea pesa.

La pili ni idadi ya mikono. Mlango unaosukumwa na mamia ya watu kwa siku humaliza mpako upesi, meza ya kioo ya sebuleni hukaa nao muda mrefu. La tatu ni dawa gani inatumika kukisafisha. Jiki, sabuni kali za magadi na unga wa kusugulia huua karibu kila mpako, na kama wewe unanunua mpako lakini ndoo anaishika mtu mwingine, mweleze kabla hujalipa. La nne ni kama kioo lazima kionyeshe kilicho nyuma yake. La mwisho ni gharama kwa mwaka, maana chupa ya bei nafuu inayopakwa kila mwezi inaweza kuzidi ile ya ghali inayopakwa mara mbili.

Jaribio la tone la mafuta

Kabla ya kulinganisha chochote, jifunze kutambua mpako wa silikoni na wa florini. Tone la maji juu ya kioo safi hutandaa na kulala. Juu ya silikoni hutuna, pembe yake na kioo ikafika takriban nyuzi 100. Juu ya mpako mzuri wa florini hufika kama nyuzi 110 hadi 115. Kwa jicho, tofauti hiyo huioni, na wauzaji hupenda sana kuonyesha maji yakikimbia kwenye kioo.

Mwombe muuzaji atoe kipande cha kioo alichokipaka, kisha udondoshe tone moja la mafuta ya kupikia. Subiri dakika moja. Juu ya silikoni tone litapanuka polepole na kuwa doa bapa lenye kingo zisizo wazi. Juu ya florini litabaki limejikunja, mviringo wake mdogo na ukingo wake mkali, na ukiinamisha kioo litateleza bila kuacha mkia mrefu. Unaweza pia kuchora mstari kwa kalamu ya maka: kwenye florini wino hujikusanya kuwa vitone na hufutika kwa karatasi kavu. Tone hili la mafuta lina thamani kuliko maneno yote ya lebo.

Maandalizi, kwa chochote cha kupaka au kubandika

Mipako mingi ikishindwa, dawa haina hatia. Molekuli za silikoni na florini hushikana na uso wa kioo chenyewe, na kukiwa na mafuta katikati zitashikana na mafuta hayo, kisha zitaondoka nayo wiki ya kwanza.

Osha kwa matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu, suuza sana. Rangi na gundi zitoe kwa wembe mpya ulioinamishwa, kioo kikiwa kimelowa. Kwenye kioo kigumu cha usalama tumia wembe kwa uangalifu mkubwa, kwani chembe iliyokwama chini ya makali hukwaruza mstari mrefu. Madoa ya maji yaliyokauka hayatoki kwa sabuni. Tumia siki nyeupe kwa dakika kumi, na yakikataa, unga wa serium oksidi uliochanganywa na maji uwe kama uji mzito, ukisugua kwa pedi laini. Kisha mwagia maji safi na uangalie: yakitandaa kama shuka moja, kioo ni safi. Yakikatika na kuacha visiwa vikavu, bado kuna mafuta au mpako wa zamani. Rudia.

Mwisho futa kwa alkoholi ya isopropili. Hapa kuna mtego wa duka la dawa: baadhi ya spiriti za kupaka ngozi huongezwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi. Ukifuta kioo kwa spiriti ya namna hiyo, unapaka mafuta upya baada ya kazi yote ile. Dondosha kidogo kwenye kioo kingine, kiache kikauke. Kikibakiza utando, usiitumie. Vitambaa vya maikrofaiba navyo visioshwe kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu hiyohiyo.

Kwa bafu jipya kuna jambo la ziada. Silikoni ya kuzibia kingo, ile yenye harufu ya siki inapokauka, hutoa mafuta yanayotambaa kwenye kioo. Ziba kwanza, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mrija, ndipo uandae na kupaka. Ukipaka kabla ya kuziba, silikoni ya kingo haitashika mahali penye mpako na maji yatavuja baada ya muda.

Njia ya kwanza: silikoni ya majimaji

*Inavyofanya kazi.* Ni kundi la dawa za kufukuza mvua kwenye vioo vya magari, pamoja na nyingi zinazouzwa kama "seramiki" kwa vioo. Hutengeneza utando wa silikoni unaotelezesha maji. Chache huongezwa florini, na jaribio la tone litakuambia.

*Upakaji.* Rahisi kuliko zote. Paka kwa miduara, subiri ukungu mwepesi utokee, futa. Ukikosea, rudia.

*Uimara.* Wiki kadhaa hadi miezi michache, kulingana na idadi ya mifuto.

*Inapokwama.* Kwenye vidole. Mafuta ya ngozi yanaelewana na silikoni, kwa hiyo kitambaa huyasambaza yakawa michirizi badala ya kuyaondoa. Kwenye kioo cha mbele cha gari, ikipakwa bila kusawazishwa, wipa hurukaruka na kulia. Na usiifungue karibu na mahali gari linapopigwa rangi: chembe za silikoni zikitua kwenye bodi, rangi hukataa kushika na kuacha vishimo vidogo.

*Inamfaa nani.* Mwenye shawa, mwenye madirisha ya nje, mwenye gari. Maji ya mfereji ya Nairobi hutoka kwa sehemu kubwa Bwawa la Ndakaini, nayo huacha madoa machache. Anayetumia maji ya kisima cha kuchimbwa huona chumvi nyeupe kwenye kioo cha bafu kila yakikauka, na kwake silikoni ni msaada wa kweli. Kwa kaunta ya duka siwezi kuipendekeza.

Njia ya pili: florini ya majimaji

*Inavyofanya kazi.* Molekuli ndefu zenye florini, upande mmoja una mguu wa silikoni unaojifunga kwenye kioo, upande mwingine haupendi maji wala mafuta. Tabaka lenyewe ni la nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), wakati unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Familia hii ndiyo iliyo kwenye skrini za simu. iPhone 3GS ya mwaka 2009 ndiyo ya kwanza ya Apple kuja na kinga hiyo.

*Upakaji.* Hapa ndipo pa kutulia. Dawa hizi nyingi zimeyeyushwa kwenye kiyeyusho kinachoruka haraka, na jua la Januari na Februari hukikausha kabla hujasambaza. Paka kioo kikiwa kivulini na kiwe baridi mkononi. Gawa kioo vipande vya sentimita 50 kwa 50. Weka matone kwenye kitambaa, si kwenye kioo, paka kwa mlalo kisha kwa wima, kila mstari ukipanda juu ya uliotangulia kwa nusu. Subiri dakika zilizoandikwa, kwa kawaida moja hadi tano, kisha ng'arisha kwa kitambaa kingine kikavu mpaka usione kitu ukitazama kwa ubavu. Kisha kioo kikae saa 24 bila maji wala mikono. Dawa huhitaji unyevu kidogo wa hewa na joto ili ijifunge, kwa hiyo katika baridi ya Julai iongeze siku moja.

Ukiona rangi za upinde wa mvua, umepaka nyingi mno. Zaidi ya tabaka moja la molekuli hakuna linaloshika. Lililobaki ni uchafu wa ghali. Lifute kwa alkoholi ndani ya saa ya kwanza. Ukisubiri kesho yake, litadai serium oksidi na utaanza upya. Vilevile usipake tabaka jipya juu ya la zamani lililochakaa nusu: florini haishikani na florini, na kioo kitatoka na madoadoa.

Hesabu ya dawa: lebo nyingi hutaja mililita 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1, pande zote mbili, ni mita za mraba 3.78, yaani karibu mililita 38 kwa kiwango cha juu. Chupa ya mililita 50 inapaka mlango mmoja. Lakini mikono hugusa zaidi ukanda wa kati ya sentimita 80 na 150 kutoka chini. Ukipaka ukanda huo tu, pande zote mbili, ni mita za mraba 1.26 na mililita 13, na chupa hiyohiyo inatosha karibu mara nne. Mpaka wa ukanda hauonekani kioo kikiwa kikavu, utaonekana kikipata mvuke. Kwa mlango wa ndani, hiyo ndiyo njia ya busara.

*Uimara.* Mezani sebuleni, mwaka na zaidi. Kwenye mlango wa watu wengi, tarajia miezi. Mpako huchakaa pale vidole vinapopita tu, hivyo pima kwa tone la maji karibu na kitasa, si kwenye kona ya juu.

*Inapokwama.* Magadi hukata mguu ule wa silikoni unaoshika kioo, ndiyo maana sabuni kali za sakafu huumaliza mpako ndani ya siku chache. Vumbi likifutwa likiwa kavu hufanya kazi ya msasa. Pangusa kwanza kwa brashi laini au kitambaa chenye unyevu. Gazeti la kufutia vioo, desturi ya nyumba nyingi, nalo hukwangua polepole. Na usipake kwenye kioo chenye tabaka la metali la kuzuia joto bila idhini ya aliyekitengeneza.

Kuna suala la afya pia. Usinunue ya kupuliza kwa ajili ya bafu au chumba kidogo. Mnamo 2006, nchini Ujerumani, dawa ya kupuliza ya kukinga vioo na vigae vya bafu iliwasababishia watu wengi matatizo ya kupumua, ikaondolewa sokoni. Ya kupaka kwa kitambaa, madirisha yakiwa wazi na mbali na moto wa jiko, ni salama zaidi kwa mapafu. Dawa hizi pia ziko katika familia ya kemikali za florini ambazo haziozi upesi katika mazingira. Mmoja wa familia hiyo, PFOA, aliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2019, na Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Mwulize muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa. Akikosa, tafuta mwingine. Masalio yasimwagwe kwenye sinki. Anayekataa florini kwa sababu hii ana haki kamili, na njia ya tatu ipo kwa ajili yake.

*Inamfaa nani.* Kaunta za simu na vito, vioo vya kinyozi na saluni, milango ya ndani ya ofisi, skrini za kugusa, meza. Imfae pia mtu mwenye subira ya maandalizi. Asiye nayo atapata matokeo ya silikoni kwa bei ya florini.

Njia ya tatu: filamu au kioo cha ukungu

*Inavyofanya kazi.* Haifukuzi mafuta, huyaficha. Uso wenye vinundu vidogo hutawanya mwanga, na alama ya kidole hupotea ndani ya mtawanyiko huo. Kuna filamu ya plastiki ya kubandika na kuna kioo kilicholainishwa kwa asidi kiwandani. Filamu angavu yenye tabaka la florini pia ipo. Hiyo iangalie kwa vigezo vya njia ya pili.

*Upakaji.* Filamu hubandikwa kwa maji yenye matone machache ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia, kisha maji husukumwa nje kwa raba kutoka katikati kwenda kingo. Acha milimita 1 hadi 2 pembeni, filamu isiguse fremu, la sivyo itainuka. Ukungu wa maji uliobaki hukauka wenyewe kwa siku kadhaa. Usiutoboe kwa sindano.

*Uimara.* Miaka kadhaa ndani ya nyumba. Kucha na funguo ndizo adui zake.

*Inapokwama.* Angalia sana kioo kilichopigwa mchanga. Fundi wengi hukitoa kama kioo cha ukungu, nacho ndicho kibaya kuliko vyote kwa vidole. Mafuta ya ngozi huingia kwenye vishimo vyake, na kwa kuwa hupinda mwanga karibu sawa na kioo chenyewe, ukungu hutoweka mahali hapo. Matokeo ni kidole cheusi kinachong'aa, kila mstari wake ukisomeka, katikati ya uso mweupe, na kitambaa kikavu hakikifikii ndani ya vishimo. Kioo cha mchanga lazima kizibwe kwa mpako, au upande wa mchanga ugeuzwe kusikoguswa. Cha asidi kina vinundu laini zaidi na husafishika.

*Inamfaa nani.* Vyumba vya mikutano, vyoo, kliniki, na yeyote anayetaka faragha pamoja na usafi. Haifai kaunta ya bidhaa wala kabati la chipsi: taa ya joto huinua gundi kingoni.

Njia ya nne: kioo kilichopakwa kiwandani

*Inavyofanya kazi.* Florini ileile, lakini imewekwa ndani ya chombo kisicho na hewa, juu ya tabaka la silika lililoandaliwa, sawasawa kila mahali.

*Upakaji.* Hakuna kazi kwako, ila vipimo havisamehe. Kioo kigumu hupashwa joto zaidi ya nyuzi 600, ambalo lingeunguza florini, kwa hiyo mpako huwekwa baada ya kukigumisha, na kioo kigumu hakikatwi tena. Matundu ya bawaba na vitasa yote yawe kwenye mchoro kabla ya kuagiza. Milimita tatu za makosa ni kioo kipya.

*Uimara.* Mrefu kuliko chupa, ingawa nao huisha. Viwanda hupima kwa kusugua pamba laini ya chuma maelfu ya mara. Omba cheti chenye idadi hiyo na uzito uliotumika.

*Inapokwama.* Ukisha kuchakaa haurudishwi kiwandani. Utarudi kwenye chupa ya njia ya pili.

*Inamfaa nani.* Majengo mapya, lifti, skrini kubwa za matangazo na za malipo. Kubadilisha kioo kizima kwa sababu ya vidole pekee hakuna maana ya kifedha.

Kulingana na hali yako

Una kaunta ya simu au wakala wa M-Pesa: florini kwenye uso wa juu na ukanda wa mbele, kitambaa kikavu cha maikrofaiba kando ya droo, na jaribio la tone la maji kila mwezi.

Una bafu la maji ya kisima: silikoni, na kifuta maji cha raba kikining'inia ndani ya shawa. Raba hiyo, ikitumika kila baada ya kuoga, itafanya zaidi ya nusu ya kazi.

Una kabati la kioo la samosa na mandazi: usipake chochote upande wa ndani unaokaribia chakula, isipokuwa lebo iseme wazi kuwa inafaa chakula. Nje, florini kwenye mlango wa kuvuta. Ndani, sabuni ya vyombo na maji ya moto kila jioni.

Una ofisi ya kupanga yenye mkataba wa miaka miwili: filamu. Hutoka kwa kuipasha joto kwa kikausha nywele na kuivuta kwa pembe ya chini, na mwenye nyumba atapata kioo chake kilivyokuwa.

Una watoto wadogo na mlango mmoja wa kioo kuelekea baraza: usinunue chochote bado. Osha, suuza mpaka maji yatandae, futa kwa maikrofaiba safi, uone hali kwa wiki mbili. Mara nyingi kinachoonekana kama alama za vidole ni utando wa dawa ya vioo ya miaka mingi, na vidole huuchora tu.

Una simu ambayo skrini yake haitelezi tena: badilisha protekta. Kabla ya kulipa, dondosha tone moja la mafuta kwenye ile mpya, na lile la pili kwenye ile ya bei nafuu iliyo kando yake, uyaone yote mawili yakikaa dakika moja.